Nyota Kwenye Safu ya Tano

Kiwango kimeshuka, kutoka saba nukta moja
hadi sita nukta nne.
Saa mbili asubuhi redio ya Kaunti ya Marlow inanipigia
na Gwen, kwa sauti iliyotiwa sukari mno,
ananiuliza hewani: "Habari njema, siyo?"

Theluji imepanda hadi dirishani.
Ofisi yangu ya serikali ya jimbo ni chumba kimoja
juu ya duka la viatu lililofungwa:
kaunti sita, mchumi mmoja, printa yenye kikohozi.
Namjibu kama nilivyofunzwa.
"Inategemea."

Inategemea, Gwen, ni nani ametoka kwenye hesabu.
Dodoso huuliza habari za wiki moja tu,
ile yenye tarehe kumi na mbili.
Ulifanya kazi ya ujira, hata saa moja?
Kama hukufanya, uliitafuta ndani ya wiki nne?
Ukijibu hapana, na tena hapana,
huitwi asiye na kazi.
Huitwi chochote.
Umekaa jikoni kwako, mzima, unapumua,
na mstari wa grafu unateremka kama mtoto kwenye sleji.

Jumamosi nilimkuta Arvid Luoma kituo cha mafuta
akikwangua barafu kwenye kioo cha gari la dada yake.
Miaka ishirini na tisa kinu cha karatasi, mashine namba mbili.
Kidole cha pete hana, mashine ilikitwaa.
"Mtu wa namba!" akaniita.
"Tangu Novemba nimeacha kuomba kazi.
Nimekushushia kiwango. Nakudai bia."
Akacheka peke yake.
Bia nilinunua.

Sasa niseme habari ya safu ya tano.
Sheria yasema, penye waajiri chini ya watatu
usichapishe idadi, usije ukaanika siri ya mwenye mali.
Na kinu kilikuwa kimoja kaunti nzima.
Harufu yake ya kabichi iliyochemshwa
tuliivaa, tuliilalia.
Mpishi wa mgahawa alijua zamu ya usiku ina watu wangapi
kwa kuhesabu mayai.
Jedwali langu tu ndilo halikujua.
Jedwali langu liliweka nyota,
kitufe cha nane, miaka kumi na moja, kila robo mwaka.
Wapo waaminio kila mja na nyota yake.
Ya watu mia tatu na kumi na wawili
niliipiga mimi, kwa kidole kimoja.

Lakini chini ya nyota mimi niliona.
Agosti ya mwaka juzi mishahara ya kinu ilianza kukonda,
saa za ziada zikakatika,
vibarua kumi na wanne wakafutika bila kelele.
Nilikuwa nimekula kiapo.
Septemba, kwenye foleni ya benki,
Arvid akaniuliza kwa utani, au si kwa utani:
"Wewe unayejua mambo, nikope nibadilishe paa?"
Nikatazama kamba ya foleni.
Nikasema paa zuri halimtupi mtu.

Paa ni la bati la kijani, linaonekana toka barabara kuu.
Theluji haikai juu yake, huporomoka yote.
Chini yake yumo mtu asiyehesabiwa,
na deni linalohesabiwa kila tarehe mosi.

"Upo?" Gwen anauliza.
Sekunde tatu za ukimya ni nyingi redioni.
Nimelifungua jedwali jipya mbele yangu.
Safu ya tano, mstari wa karatasi:
nyota imeondoka.
Sifuri haina siri ya kulinda,
sifuri inaruhusiwa kuchapwa.

"Nipo," nasema. "Gwen, una dakika ngapi?"
Anasema hana,
hali ya hewa inasubiri.