Shehena ya Hewa

Darasa liko ghorofa ya tatu, juu ya duka la nyavu,
Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni.
Nina miaka hamsini na minane.
Siku ya kwanza kijana wa kiti cha pili, Hyeonu,
alidhani nimekuja kufagia,
akaniinulia miguu.

Mwalimu Pyo hakuanza na bahari.
Alimwaga mezani viberiti sitini,
kila kimoja na jina la bandari,
akasema, "Pakieni."
Nikapanga vizuri, kama nilivyopanga viatu kiwandani,
rangi kwa rangi, kona kwa kona.
Akatazama.
"Meli ikifika Manzanillo, mzigo wa Manzanillo uko wapi?"
Ulikuwa chini kabisa, umekaliwa na Buenaventura na Callao.
"Basi uchimbue."
Nikachimbua, Hyeonu akihesabu kwa sauti
kila kiberiti nilichokishusha bure.
Kumi na vinne.
Wa mwisho kushuka ndiye wa kwanza kupakiwa.
Kizito chini, lakini si kizito chote,
maana meli yenye kitako kizito mno
ikiinamishwa na wimbi hurudi wima kwa hasira,
ikakata minyororo.

Sikujua.
Miaka thelathini naishi Yeongdo, kilimani,
bandari imetundikwa dirishani kwangu kama kalenda,
na sikujua kusoma hata sanduku moja.

Sasa najua: herufi nne, tarakimu sita,
kisha ile ya saba, imefungiwa kijumba chake peke yake,
haihesabu kitu ila wenzake.
Zidisha, jumlisha, gawa kwa kumi na moja,
kinachobaki ndicho shahidi.
Ukidanganya popote, ya saba inakuumbua.
Naipiga hesabu hiyo ndani ya basi, malori yakitupita,
midomo ikinicheza kama mtu anayesali.

Juma la sita akauliza:
"Haya makontena yanayopakiwa, mangapi yana kitu ndani?"
Hyeonu akasema yote.
Nami nikasema yote.
"Mengi," akasema Pyo, "yanarudi na hewa.
Yalikwenda na viatu, yanarudi na hewa,
na hewa nayo hulipiwa: winchi, gati, mafuta, mlinzi."

Nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka.
Miaka kumi na tisa nilishona soli kule Sasang.
Siku kiwanda kilipohama, mashine zetu nazo zilipakiwa,
nilizifunga turubai kwa mikono hii,
yangu niliifunga mara mbili.
Sanduku lile halikwenda tupu.

Mtaani kwetu bakuli halirudi tupu.
Deoksun akiniletea kimchi ya figili
namrudishia bakuli na maharage, au peasi mbili.
Mwaka ule wa kukosa kazi nilimrudishia na chumvi,
akaipokea kwa mikono miwili,
wala hakuangalia ndani.

Nikanyoosha mkono.
"Hakuna cha kuweka humo? Hata chumvi?"
Darasa zima likaangua kicheko.
Mwalimu hakucheka.
"Kuna watu wanalipwa mishahara kwa swali hilo," akasema.
"Wanatia karatasi chakavu. Wanatia nyasi kavu za ng'ombe.
Bado haitoshi. Keti, mama Jeomsuk."

Usiku nazima taa, natazama kreni.
Hata huku juu naweza kuyatofautisha:
lenye mzigo, waya husita kwanza,
kama mtu anayeinuka na mtoto mgongoni.
Tupu hupaa tu.

Mtihani ni mwezi ujao.
Bakuli la Deoksun limeoshwa, limekauka,
na jikoni leo hakuna peasi.
Nimetia ndani kiberiti nilichokiiba darasani.
Najua atakachouliza:
huyu Manzanillo ni nani,
na amekula?