Tambuu Tatu

Usiku Banrilang hukata karatasi,
ile ya kuchujia, nyeupe, isiyo na makuu.
Mashine huichapa vijia vya nta,
joko dogo huiyeyusha nta ikazama,
na ilipozama, mate hayapiti:
kuta nyembamba kuliko ukucha,
katikati mfereji mmoja
unaopanda wenyewe, bila pampu, bila umeme,
kama mafuta yapandavyo utambi.

Bei ya kipande haifiki bei ya tambuu moja.
Alilisema hilo kwa fahari, maabarani Shillong.

Mwisho wa mfereji alipanda kingamwili
zilizofunzwa jina moja tu,
la protini ya uvimbe ungali mchanga.
Zikiinasa, mstari huiva mwekundu
kwa dhahabu. Ndiyo, dhahabu,
iliyosagwa hadi ikasahau umanjano.

Akaipeleka sokoni Sohra, siku ya mvua.
(Kusema siku ya mvua Sohra ni kusema siku.)
Kong Thrina, muuza popoo wa miaka arobaini,
kinywa chekundu kama jeraha linalocheka,
akatema alipoambiwa ateme.
Karatasi ikawa nyekundu yote.
Na ya jirani yake. Na ya muuza samaki wakavu.
Na ya Banrilang mwenyewe, aliyetafuna asubuhi
kwa kuwa mwenyeji akikupa, hukatai.

"Kumbe soko zima tunakufa leo," akasema Kong Thrina,
"ngoja nifunge hesabu."
Wakacheka mpaka turubai likamwaga maji.

Banrilang hakucheka ndani ya basi.
Miaka yote ile ya shule, na hakukumbuka
rangi ya mate ya mama yake.

Akaanza upya. Dhahabu akaiacha.
Akatafuta kimeng'enya kinachozaa buluu,
njiani akaweka pamba ya kuuzuia wekundu,
akafunga kila kipande katika kifuko cha jaribosi,
maana huko hata chumvi hulia.

Mara ya pili Kong Thrina alisukutua mara tatu,
akalalamika kuwa maji hayana ladha.
Dakika kumi na tano.
Mstari wa kwanza, buluu: karatasi ni nzima.
Wa pili, je, upo?
Wakaupeleka mlangoni penye mwanga.
Upo. Hafifu, kama mshipa kwenye kope ya mtoto.

Ndani ya shavu, kidoa cheupe
kisichozidi punje ya dengu.
"Mbona hakiumi? Kisichouma kina haraka gani?"
"Hiki ndicho kinachowahiwa, Kong.
Karatasi haihukumu, inanong'ona.
Atakayesema ni daktari."

Kwao, aliyekufa husemwa
yuko mlangoni pa Mungu, anakula tambuu.
Na safari, kabla ya kilomita kuja,
ilipimwa kwa kutafuna.

Kong Thrina akalifunika kapu, akalaza kisu juu yake.
"Hadi hospitali?"
"Tambuu tatu."
Akaitazama mvua. Akameza mate, meupe.
"Haya," akasema, "leo nitazihesabu
kwa kinywa kitupu."