Inchi Tatu

Dukani kwa Verna, Kenora, nyuma ya pampu ya mafuta,
rafadha zimetundikwa ukutani kama saa zilizopoteza mishale.
"Nipe iendayo kasi," nikasema.
Hakuinua macho. Alikuwa akikwangua gasketi kwa kisu cha samaki.
"Inabeba nini?"
"Mimi."
Akacheka kwa pua, akatungua ya alumini,
mapanga matatu, mwinamo inchi kumi na tano:
"Ikijizungusha mara moja ingesogea hizo kumi na tano,
kama parafujo kwenye ubao.
Ila maji si ubao." Akaandika risiti.

Juni ile, mimi na farasi wangu arobaini,
boti ilipaa juu ya ziwa,
mshale ukagota elfu tano na mia saba.
Nikajiona fundi.

Kisha viza zikatoka.
Tausi, Faizi, mapacha wasiojua kunyamaza,
mama mkwe na kiti chake cha kukunja,
deli la barafu, sufuria ya wali iliyoviringwa taulo.
Nikavuta mafuta mpaka mwisho.
Pua ikatazama mbinguni, tako likazama,
elfu nne na mia sita, haipandi hata kwa kubembelezwa,
na visiwa vikakaa palepale vikitutazama.
"Mkwe wangu," akasema, "hii inakwenda au inaomba dua?"

Nikarudi kwa Verna na lawama mkononi.
Akanisikiliza mpaka nikaisha.
"Injini nzima. Ulinunua ya mtu mmoja."
Kwetu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
sikumfasiria. Yeye aliupima usufi wote kwa macho,
watu sita, barafu, wali,
akatungua ya kumi na mbili.
"Kila inchi ukipunguza, injini inapata pumzi,
mizunguko mia mbili hivi. Hesabu mwenyewe."
Grisi, nati, na pini mpya,
maana pini ikishakunjwa haiaminiki tena.

Ilitubeba miaka minane.
Polepole, ndiyo. Mama mkwe alifuma sweta nzima
kati ya gati na kisiwa cha matunda.

Sasa Faizi yuko Winnipeg, mapacha wako vyuoni,
kiti cha kukunja kimerudi Pangani na mwenyewe,
Tausi ana zamu za usiku, mchana hulala.
Asubuhi hii nimefungua mafuta yote:
elfu sita na mia tatu, injini inapiga yowe,
rafadha inakwangua maji kama kijiko kwenye bakuli tupu.

Ile ya kumi na tano ipo chini ya kiti, ndani ya gunia.
Spana ninayo.
Verna angesema badilisha, kazi ya dakika kumi.
Najua.
Nimerudisha mkono nyuma, elfu nne tu,
nakwenda nayo hivyo.
Faizi alisema huenda wakaja Jumapili.
Alisema huenda.