Maoni Mengineyo

Tuko tisa, mwenyekiti ni wa kumi,
ghorofa ya pili, Moshi, Juni yenye ukungu,
dirisha linaloahidi Kibo na halitoi.
Mbele yetu kabrasha la kurasa mia na sita:
Masomo ya Jumla, Tathmini ya Kila Miaka Mitano.
Dakta Elinami anafungua kikao kwa kukohoa.

Swali ni dogo, anasema, msilikuze.
Mwanafunzi wa uhasibu, mantiki ya nini?
Muuguzi na historia, wapi na wapi?
Uandishi, maadili, takwimu za awali:
kozi sita ambazo kila idara inazikubali
mradi zifundishwe na idara nyingine.

Mhandisi Temu anataka saa zake zirudi.
Bi Aikande wa mitihani anataka ushahidi,
na ushahidi, kwake, una safu nne:
Amemudu. Amemudu kiasi. Hajamudu. Hakufika.
Mimi ni katibu. Sipigi kura. Naandika.
Maandazi yanapita mkono kwa mkono,
mafuta yake yanasaini ukurasa wa kumi na nne.

Jana usiku nilisoma karatasi za sampuli,
arobaini, zilizookotwa kwa bahati nasibu,
nizipime kwa vigezo tulivyovibishania Machi nzima.
Nyingi zilikuwa kama karatasi zilivyo.
"Kozi hii imenifungua macho", mara kumi na moja,
kwa miandiko tofauti.
Kisha ya ishirini na tisa.

Ndeshukurwa Lyaruu, uhasibu, mwaka wa pili.
Swali: Eleza ulivyotumia mantiki nje ya darasa.
Hakueleza. Alichora mfongo,
mfereji wa kwao, juu huko Kibosho,
unavyotoka msituni ukipenya migombani,
na pembeni majina ya kaya, na siku za zamu.
Kaya thelathini na moja.
Zamu thelathini.
"Wote wanasema kila kaya ina siku yake kila mwezi,
basi kuna mtu hapati maji
na hakuna aliyesema uongo."

Likizo akabeba daftari, mlango kwa mlango,
hadi mkiani mwa mfereji, kwa mjane
anayemwagilia tarehe thelathini na moja,
mwezi ukiwa nayo.
"Mara saba kwa mwaka," kaandika. "Nimehesabu.
Februari yeye na jirani wawili huangalia mawingu.
Nilipopeleka hesabu kwa wazee wa mfongo, wali"

Hapo kengele ililia. Hapo wino umeishia.

Nilimtafutia kisanduku.
Kigezo cha kwanza, dhana kuu: hana, ana maji.
Cha pili, marejeo: mjane mmoja, hana mwaka wa uchapishaji.
Cha tatu, tahajia: "thelasini", mara tatu.
Nikajumlisha, nikajumlisha tena, kikombe kikapoa.
Amemudu kiasi.
Vigezo vile niliviandika mimi,
nikavisifia mimi mbele ya Seneti.

Sasa mikono inaitwa.
Mantiki iondoke: minne.
Ibaki: minne, mmoja umeinuliwa nusu
kama wa mtu anayesimamisha bodaboda kwa shaka.
Mwenyekiti anatazama dari. Tuahirishe, anasema,
hadi Septemba, tupate data za kutosha.
Temu ameshafunga begi.

Naomba kusoma kitu, nasema.
Kipo kwenye ajenda?
Hakipo.
Basi chini ya Mengineyo, dakika mbili.

Nikasoma. Niliharakisha kwenye zamu,
nikajikwaa kwenye Februari,
nikafika kwenye "wali" nikanyamaza,
kwa kuwa ndipo karatasi inaponyamaza.
Jenereta la jirani lilikuwa linanguruma.
Bi Aikande, andazi limesimama njia ya mdomoni:
"Wali nini?"

Walicheka? Walimfukuza? Walipanga upya?
Temu amerudi kukaa, begi magotini.
"Kaya thelathini na moja," anasema taratibu,
"ungegawa kwa saa, si kwa siku,"
na tayari anachora nyuma ya kabrasha.

Muhtasari unadai azimio. Hatukuwa nalo.
Nimeandika, kipengele cha nane:
Kikao kiliuliza.