Mkasi wa Orpha Tveit

Miaka thelathini na moja nilichapa barua ileile
ghorofa ya pili, Duluth, dirisha likitazama ghuba
inayoganda hadi wavuvi huegesha magari juu yake.
"Mpendwa mwanahisa," nilianza, "Bodi imeamua:
kila hisa uliyokuwa nayo moja, sasa ni mbili."
Nikalamba stempu elfu nne na mia sita.
Ulimi wangu ukawa na ladha ya gundi hadi Pasaka.

Wote walinyamaza, isipokuwa mmoja.
Orpha Tveit, mshona mablanketi ya viraka, wa Cloquet,
aliandika kwa penseli nyuma ya risiti ya uzi:
"Nilikuwa na arobaini, kila moja dola tisini.
Leo ninazo themanini, na gazeti linasema arobaini na tano.
Nimezidisha jikoni, nimezidisha kanisani,
ni elfu tatu na mia sita, zilezile za juzi.
Hebu niambie, kijana, nimepewa nini?"

Kazi yangu haikuwa kujibu.
Nilijibu.
Hujapewa kitu, mama, wala hujanyang'anywa.
Gawio nalo limekatwa nusu kwa kila hisa,
hundi yako ya Juni itakuwa ileile.
Akarudisha kadi yenye neno moja: "Nilijua."
Na chini yake, kwa herufi za kuumiza macho:
"Kitambaa hakirefuki kwa mkasi."

Jirani yake, kinyozi Aune, hakushona maishani mwake.
Alisikia arobaini na tano akadhani ni mnada.
Wengi walisikia hivyo; wiki mbili bei ilipanda
kwa kelele tu, kama maziwa yanayofura sufuriani.
Akanunua mia moja kwa arobaini na tisa.
Machi ikawa arobaini na moja. Akauza, akatutukana kwa simu.
Alinunua mkato. Hakununua pampu.

Maana sisi tulitengeneza pampu. Sijui kama nimesema.
Za chuma, nzito, za rangi ya kijani mbaya,
za kunyonya maji kwenye vyumba vya chini ya nyumba
mito ya tambarare inapofurika majira ya theluji kuyeyuka.

Nami nisijitie uerevu.
Nilikuwa na hisa mia tano za mgodi wa chuma,
senti thelathini kila moja, zinakufa.
Wakaziunganisha, kumi kwa moja.
Nikarudi nyumbani nikitangaza: "Dola tatu! Zimefika dola tatu!"
Mke wangu Ingrun akaweka kijiko mezani.
"Zimebaki ngapi?"
Hamsini.
Tulikula supu bila kutazamana.
Kufikia Agosti zilikuwa senti arobaini.

Mwaka wa kumi na tisa tukakata tena, moja kuwa tatu.
Dola mia na ishirini ikalala, ikaamka arobaini.
Themanini za Orpha zikawa mia mbili na arobaini.
Safari hii hakuuliza. Alituma kiraka cha bluu,
mshono wake umebana kama meno,
bado ninacho, ndani ya kamusi.

Alifariki majira ya baridi niliyostaafu.
Mpwa wake akapiga simu, sauti imejaa mshangao:
daftari la shangazi linasema bei ya kununulia ni tisini,
tisini imekatwa, arobaini na tano,
imekatwa, kumi na tano.
"Alinunua kwa kumi na tano, akauziwa wapi?
Na leo ni mia na sitini na tano! Ni zile barua zenu, sivyo?
Ni ule mgawanyo?"

Nilitazama nje. Lori la kiwanda lilikuwa likipakia
pampu arobaini na kitu kwenda kwenye mafuriko ya watu.
Nilitaka kumwambia habari za miaka ambayo hakuna aliyeandika,
miaka ya bei kulala, gawio dogo, na mwanamke
ambaye hakugusa kitu.

Nikasema, "Shangazi yako alijua kushona."
Akanyamaza kidogo, kisha akauliza
kama aziuze kabla ya mgawanyo mwingine au baada yake.