Kasimele

Vichupa vitatu juu ya meza ya mpira wa meza:
elfu tatu, elfu tano, elfu kumi.
Faki ananiuliza, "Difu ya nyuma nitie ipi?"
Nje mvua inapiga mabati ya skuli, Wete nzima imelowa;
ndani busati kavu linashika magurudumu kama gundi.

Mimi namba hizi sikuzisomea.
Nazijua kwa kidole:
elfu tatu ni tui la pili, halikai ukuchani;
elfu kumi ni kasimele,
yadondoka ikijivuta
kama mgeni anayeaga asiondoke.

Jana tulitia nzito.
Kigari kikatoka mbio, kwenye kona ya viti kikagoma kukata,
kikaparamia ukuta, kikalala chali.
Mwatima wa Mtambwe akapita na chake, hata hakututazama.

"Nyuma tia nyepesi. Mbele iache."
Anafungua skrubu nne, anafuta gia kwa pindo la kanga,
anamimina mpaka meno yazame,
anangoja mapovu yapande, moja, moja.
Subira hiyo darasani hana.

Filimbi.
Kona ya viti kikaikata kimya kimya.

Wa tatu tulikuwa. Mwatima wa kwanza, tena.
Kanga ya mama ina doa,
na mama bado hajaiulizia.