Sekunde Mbili za Rimu

Fundi Mangusho, nimerudi na ubishi wetu
pale tulipouacha Jumanne, juu ya kreti ya soda,
wewe na spoki mdomoni, mimi na gurudumu pajani.
Ulisema rimu. Nilisema diski.
Chai ikapoa, mteja wa pancha akajiondokea.

Nasema tena: hukuwa nami kona ya tatu
chini ya Sipi, mvua ya saa tisa ikinyesha kwa ubavu.
Nilibana. Raba zikateleza juu ya maji
kama ulimi unaotafuta jibu usilolijua.
Moja.
Mbili.
Baiskeli haikunisikia.
Kwenye tatu ndipo rimu ikakumbuka kazi yake,
ikapiga yowe, ikatema uji mweusi hadi kwenye soksi,
nami nilishaliona shamba la kahawa la watu kwa ndani,
nilishamwona hata mama aliyenyoosha mgongo kunitazama,
jembe lake limesimama hewani.
Kwa mwendo ule, sekunde mbili ni mita thelathini.
Nani atanirudishia mita thelathini?

Satya alikuwa mbele yangu na diski zake,
zile alizoachiwa na mgeni wa Entebbe.
Alibana kwa kidole kimoja,
akaingia kona kama mtu anayefunga mlango usiku
mtoto asiamke.
Nilimchukia mpaka Sironko.

Lakini najua utakachojibu, wala silipingi lote.
Mwezi wa nne mafuta ya breki zake yalivuja,
hendeli ikawa laini kama ndizi iliyopitiliza,
akangoja siku kumi na tisa kifurushi cha Kampala,
kikaja na pedi za umbo lisilo lake.
Siku zote hizo mimi nilikuwa barabarani
na raba ulizonichongea kwenye tairi la pikipiki.
“Kinachotengenezeka kwa kisu cha jikoni kwenu,”
ulisema, “hicho ndicho chako. Kingine umeazimwa.”
Sikucheka. Nilikiandika ukutani kwa penseli.

Sasa tairi.
Ulinijazia upepo kwenye ishirini na tatu
mpaka likalia ukilipiga kwa kucha,
ukaapa kwamba wembamba ndio mwendo.
Hiyo, fundi, ni lami ya ndotoni.
Yetu ina viraka, ina changarawe za malori ya saruji,
na ukingoni maji yameitafuna kama panya na mkate.
Kila kokoto lilinitajia jina lake kwenye meno.
Nilipoazima magurudumu ya ishirini na nane, upepo kiasi tu,
vidole viliacha kufa ganzi,
na saa ikasema nimewahi kwa dakika moja na nusu.
Dakika na nusu! Kwa kunenepa!
Ila fremu ya marehemu mwalimu Chesang haitaki,
tairi linakwaruza uma wa mbele,
linaimba kama nzi ndani ya chupa njia nzima.
Basi nitilie ishirini na tano, na unyamaze.

Na yule mbeba matoke tuliyemwona Jumamosi, je?
Mikungu mitano, gongo limefungwa kwenye usukani,
breki hana, si ya rimu si ya diski;
ndala ya kulia imebaki nyembamba kama kadi ya simu
kwa kusuguliwa na tairi la nyuma
tangu Kapchorwa hadi tambarare.
Alitupita. Akatusalimia, tena kwa majina.
Harufu ya raba ikakaa hewani.
Wewe ulishika kofia.
Mimi nilishika breki, na nilikuwa nimesimama.

Jumatano nashuka tena.
Kaza waya wa mbele, robo mzunguko, usizidishe.
Nichongee raba nyingine, za pikipiki ileile.
Na siku ukipata diski kwa bei ya binadamu
usinitumie mtu kukiwa na jua, nitabisha.
Nitumie mvua ikianza.